Mama Huvuka kwa Masikio

Mutomo, Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, baridi kidogo, mvua hakuna.

Spika mbili zilizo mlangoni pa supamaketi zitashushwa kesho Ijumaa kabla ya duka kufunguliwa, na hazitarudishwa nje. Aliyesema hivyo ni meneja wa duka, Bwana Njoroge, leo saa nne asubuhi, akiwa amesimama langoni petu. Nilimwomba arudie. Akarudia, maneno yaleyale. Nikaandika.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, akisikiliza. Meneja alipoondoka aliniuliza, "Huyo kijana ni mrefu, eh? Sauti inatoka juu." Nikamwambia ni mrefu sana. Akasema basi ana njia ndefu ya kuinama, na ameinama.

Ninashukuru. Wiki tatu zilizopita sikudhani ningeandika neno hilo hapa.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba siandiki sana kuhusu nyumbani. Kazi yangu ni habari za watu wengine, na kwa miaka mingi nimeona ni afadhali ziendelee kuwa za watu wengine. Lakini hii imetokea hatua chache kutoka langoni pangu, na kuna sehemu yake ambayo ni kosa langu. Nitaieleza ilivyotokea.

Supamaketi ilifunguliwa mwaka jana, kwenye kiwanja kilichokuwa wazi kati ya nyumba zetu na barabara ya lami. Ni duka kubwa kuliko jengo lolote upande huu wa mji. Nilikuwepo siku ya ufunguzi, na niliandika habari yake. Niliandika kuhusu vijana walioajiriwa. Niliandika kuhusu kisima walichochimba, na bomba walilolitoa nje ya ukuta ili majirani wachote bila kuulizwa kitu. Maji yana chumvi kidogo, lakini yanafulia na mbuzi wanayanywa, na mahali pakame kama Mutomo hiyo si habari ndogo.

Sikuandika kuhusu jenereta. Sikuuliza spika zitaelekezwa wapi. Niliziona zikining'inia pale mlangoni, nikazihesabu, nikaendelea na safari.

Ziliwashwa siku ya pili. Tangu hapo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, ni nyimbo za injili, halafu kijana mwenye kipaza sauti anatangaza ofa ya sabuni, halafu nyimbo, halafu sabuni. Siku moja nilikaa na daftari nikahesabu: tangazo moja la sabuni lilirudiwa mara kumi na nne ndani ya saa moja. Stima ikipotea, jenereta inaanza. Asubuhi na mapema malori ya mizigo yanarudi nyuma yakipiga king'ora kile cha kurudi nyuma. Vigari vya kubebea mizigo vinakwaruza sakafu ya nje kama mtu anayekokota kitanda.

Na sisi tukanyamaza. Nani atakwenda kumlalamikia mtu huku amebeba mtungi wa maji aliyopewa na mtu huyohuyo?

Mimi mwenyewe nilizoea. Nikitaka kuandika mahojiano ninaweka visikilizio masikioni. Ndiyo maana sikuona lililokuwa likimpata mama.

Mama haoni. Presha ya macho ilimaliza jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, na sasa ni miaka sita. Aliacha shamba akaja kuishi nami hapa mjini. Watu walisema maneno kwa sababu ana mtoto wa kiume, kaka yangu Musyoka, aliyeko Ikutha na mifugo yake, na kwa desturi yetu mama mzee hukaa kwa mwanawe wa kiume, si kwa binti. Mama alisema atakaa palipo na kikundi chake.

Kikundi ni wanawake wanaosuka vyondo, vile vikapu vya katani. Hukutana Jumanne na Jumamosi kwenye banda lililo katika kiwanja cha kanisa, ng'ambo ya barabara. Kazi ya mama pale ni moja: kuanzisha kitako. Mwanzo wa kiondo ni nyuzi chache za katani zilizopishana, na zikikazwa vibaya pale, kiondo kizima kitapinda hata kisukwe na nani. Wenzake wanaona na bado wanakosea. Mama anaanzisha kwa vidole, anampa mwenzake, anachukua nyuzi nyingine. Hajamaliza kiondo hata kimoja tangu apofuke. Lakini kila kiondo cha kikundi kile kina kitako chake.

Kwa miaka mitano alikwenda mwenyewe, akarudi mwenyewe, na fimbo yake nyeupe. Sikuwahi kumuuliza anavukaje barabara.

Narudia sentensi hiyo kwa sababu inaniuma. Nimeuliza watu wakubwa maswali magumu hadharani. Mama yangu sikumuuliza anavukaje barabara.

Wiki chache baada ya duka kufunguliwa, alianza kuchelewa. Siku nyingine alirudi kabla hajafika. Mara moja nilimkuta amesimama kando ya ukuta wa supamaketi, mkono mmoja ukutani, uso umekazwa. Nikadhani ni uzee. Nikadhani masikio nayo yameanza kwenda. Niliwaambia hata majirani hivyo, kwa sauti ya huruma, naye akiwa karibu.

Kisha, wiki tatu zilizopita, ikaja siku ya pikipiki.

Kutoka upande wa Kitui, barabara inateremka hadi hapa mbele yetu. Tangu lami ipite, vijana wa bodaboda wana desturi ya kuzima injini juu ya mteremko na kuachilia pikipiki iteleze yenyewe, ili waokoe mafuta. Inakuja kimya. Kinachosikika ni tairi tu juu ya lami, sauti nyembamba kama ya kitambaa kinachopasuliwa taratibu.

Mama alisimama ukingoni, akasikiliza, hakusikia kitu ila sabuni na nyimbo, akaingia barabarani. Kijana aliyekuwa anateremka alifunga breki, akaanguka, akachubuka goti. Aliinuka na hasira, akamwita bibi kwa Kikamba.

"Susu, si ungeangalia!"

"Hapo ndipo penye shida, mwanangu," mama akamjibu. "Kuangalia."

Kijana akaiona fimbo. Waliokuwapo wanasema alimshika mkono, akamrudisha hadi langoni akichechemea, na mama ndiye aliyekuwa akimpa pole njia nzima. Anaitwa Muthui. Baadaye nilimtafuta nikamshukuru. Akaniambia nisimshukuru, alikuwa amezima injini. Tangu siku hiyo mama hakwenda tena kwenye kikundi.

Habari zilifika Ikutha kabla ya chakula cha mchana. Musyoka akapiga simu.

"Nakuja kumchukua," alisema. "Wewe umejaribu. Hakuna anayekulaumu."

Lazima nimwandike kaka yangu kwa haki. Si mtu wa maneno. Amejenga chumba cha mama pembeni mwa nyumba yake, amekipiga sakafu ya saruji, ameinua ukingo wa mlango asijikwae. Amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili ashike na kufuata. Alinitumia picha. Kamba imekazwa vizuri, kwa mikono ya mtu anayefunga ndama.

Nilimsomea mama picha hiyo kwa maneno.

"Amefanya vizuri," akasema. "Ana moyo mzuri, Musyoka. Lakini ile kamba inaishia chooni."

Na nitaungama: sehemu moja yangu ilipata nafuu. Nilifikiri, akienda Ikutha nitalala usingizi. Sitaruka kila breki inaposikika barabarani.

Hata hivyo nilimwomba Musyoka anipe muda, nikampeleka mama Kitui mjini akapimwe masikio. Nilitaka karatasi ya kumwonyesha kaka. Dada aliyempima alimvalisha vile visikilizio vikubwa, akambonyezea milio, akaandika. Kisha akanigeukia.

"Mama yako anasikia kuliko wewe," alisema. "Nani amekuambia ana shida?"

Ni mimi niliyesema. Nilisema kwa watu wengi.

Jioni ile nilikaa na mama nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza miaka mitano kabla. Alishangaa kidogo kwamba sijui. Akanieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Akitoka langoni anageuka kulia. Kisiagi cha unga kinanguruma mkono wa kushoto. Kadiri anavyokwenda kinahamia mgongoni. Mbele yake kuna fundi wa kuchomelea vyuma, anagonga. Kisiagi kikiwa mgongoni kabisa na nyundo ya fundi ikiwa mbele kidogo upande wa kulia, hapo amefika ukingoni, na miguu inathibitisha kwa kokoto. Anasimama. Anasikiliza upande wa Ikutha kwanza, kwa sababu huko magari yanapanda na injini zinalia mapema. Upande wa Kitui anausikiliza kwa muda mrefu zaidi.

"Huko natafuta tairi," alisema. "Injini si kitu. Injini hata kiziwi anaisikia."

Spika za duka zilikuwa zimeelekezwa palepale anaposimama. Kisiagi kilipotea. Nyundo ikapotea. Tairi ndiyo hata usiseme. Nilichokiita uzee kilikuwa giza la pili, na tulikuwa tumelitundika mlangoni pa duka sote tukiliangalia.

Nilikwenda kwa Mzee Kilonzo. Yeye ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wetu wa majirani, mtu mwenye suti moja na misimamo mingi. Nilimweleza. Aligonga meza. Alisema hili ni jambo la baraza. Alimwendea Chifu, Chifu akaandika barua kwa afisa wa mazingira wa kaunti, na afisa akajibu kwamba atakuja Jumanne na mashine yake ya kupimia kelele, awasikilize wananchi, kisha apime duka likiwa kazini.

Musyoka nilimwambia asubiri baraza. Akasema atasubiri hadi Jumamosi hii na si zaidi.

Sasa nifike Jumanne, yaani juzi. Nitajitahidi kuwa sahihi kwa sababu tayari imeanza kusimuliwa sokoni kwa namna nyingi.

Baraza lilikuwa katika kiwanja cha kanisa. Huku kwetu hakuna mkutano bila spika. Hata mkiwa watu ishirini chini ya banda moja, bila kipaza sauti huo si mkutano, ni mazungumzo. Vyombo vya kanisa vilikuwa vimepelekwa mkutano wa injili Ikutha tangu Ijumaa. Mzee Kilonzo alikuwa na mgeni kutoka kaunti na hakuwa na spika, na kwake hiyo ilikuwa aibu kubwa. Basi alifanya alichoona ni busara.

Alikwenda kuazima za supamaketi.

Na Bwana Njoroge, meneja, kijana wa Murang'a aliyefundishwa adabu, alimpa. Alizishusha zote mbili saa mbili asubuhi, akampa na waya, akampa na yule mtangazaji wa sabuni ili amsaidie kuzifunga. Hakuuliza mkutano unahusu nini. Ameniambia leo kwamba alidhani ni maombi.

Nilifika saa tatu kasorobo. Nilikuwa nimemwacha mama na jirani yetu, nikimwambia nitamletea habari. Mtangazaji alikuwa juu ya kiti akifunga waya kwenye nguzo za banda. Afisa, mama mtulivu anayeitwa Bi. Mwende, alikuwa ameketi mbele na mashine yake juu ya magoti, ndogo kama redio ya mfukoni. Wanawake wa kikundi walikuwa wameketi nyuma na katani zao. Hakukuwa na kelele yoyote. Nilikuwa nimeandika tarehe juu ya ukurasa na sikuelewa ni nini kilichokuwa tofauti.

Kisha wanawake wakaacha kuzungumza, mmoja baada ya mwingine.

Mama alikuwa anaingia kwenye lango la kanisa. Peke yake. Fimbo ilikuwa ikigonga kushoto, kulia, bila haraka. Nilisimama. Nilitazama nyuma yake nikimtafuta jirani, na jirani hakuwepo. Alikuwa bado ng'ambo, mikono kichwani. Mama alipita karibu na afisa, akamsalimu "Wĩ mũseo" yeyote aliyekuwa pale, akaenda hadi nafasi yake kwenye benchi, akaketi, akanyoosha mkono.

"Nipeni katani," alisema. "Mmenikalia wiki tatu bila vitako."

Wakampa. Mmoja wao alikuwa analia na kucheka pamoja.

Sikuandika kitu. Ukurasa huo wa daftari una tarehe tu.

Baraza likaanza. Chifu alifungua, pasta akaomba, kisha Mzee Kilonzo akashika kipaza sauti. Alikuwa amejiandaa. Alipandisha sauti tangu neno la kwanza.

"Bi. Afisa! Hawa watu wa supamaketi wametumaliza! Kelele! Kelele asubuhi, kelele mchana!"

Spika zikapiga yowe la kupasua masikio. Mbuzi waliokuwa nyuma ya banda walikimbia. Bi. Mwende aliitazama mashine yake, kisha akamtazama mzee.

"Hiyo kelele ya supamaketi mnaisikia hata sasa?" aliuliza.

"Hata sasa! Kila saa!"

"Mimi naisikia yako."

Sauti moja kutoka nyuma, ya Muthui wa pikipiki, ikasema, "Mzee, hizo spika ni zao!"

Watu walicheka hadi Chifu akavua miwani. Mzee Kilonzo alizigeukia spika, akazitazama kama watu waliomsaliti, na akili ikamfikia polepole. Duka lilikuwa kimya kwa sababu kelele yote tulikuwa nayo hapa. Tulikuwa tumemwita afisa kutoka Kitui apime kelele ya jirani, tukamwazima jirani kelele yake, tukampimisha afisa sisi wenyewe.

Mashine ilikuwa imepita kiwango kinachoruhusiwa karibu na makazi. Nambari siiandiki hapa, kwa sababu haikuwa ya duka. Ilikuwa ya mwenyekiti wetu.

"Basi nimeshapima," Bi. Mwende alisema, bila kucheka, lakini mdomo wake ulikuwa na kazi kubwa. "Nitawaandikia nani barua?"

Kufikia hapo Bwana Njoroge alikuwa amevuka barabara kuja kuona kuna nini. Alisimama langoni. Aliyasikia yote. Watu wakamwona, na kicheko kikakauka, kwa sababu sasa ilibidi mtu aseme mbele yake, na nusu ya waliokuwapo walikuwa wamechota maji yake asubuhi ileile.

Mama ndiye aliyesimama. Mtangazaji akamkimbizia kipaza sauti, akamwekea mdomoni.

"Ondoa hicho kitu," alisema. "Nitaongea kama mtu."

Aliongea Kiswahili chake cha Kikamba, taratibu, akielekea pale aliposikia pumzi za mtu mgeni.

"Meneja uko hapa?"

"Niko, shosho."

"Maji yako ninayatumia. Asante. Sabuni yako ninaijua, nimeisikia kuliko jina langu." Watu wakacheka tena. "Leo umezima. Leo nimesikia kisiagi, nimesikia nyundo, nimesikia tairi la mtoto mmoja anayeteleza, nikamngoja apite, nikavuka. Umeniona nikivuka?"

"Sikukuona, shosho. Ulivuka aje peke yako?"

"Kwa masikio. Mimi macho yangu ni haya," akayagusa. "Hizo spika zako zinanifunga kitambaa usoni."

Aliketi, akachukua katani yake.

Nimehudhuria mabaraza mengi. Kwa kawaida baada ya maneno kama yale mtu hutoa hotuba. Bwana Njoroge hakutoa. Alisema kwamba maagizo ya kupiga matangazo nje yanatoka makao makuu, si kwake, na kwamba hawezi kuahidi asichokuwa nacho. Alisema atapiga simu. Nilimheshimu kwa hilo. Ahadi za papo hapo nimezizika nyingi.

Muthui naye alisimamishwa na wenzake wakimsukuma mgongoni. Alisema bodaboda wa stejini petu wamekubaliana: mteremko ule utateremkwa na injini ikiwa imewashwa. Mtu akamzomea kwa utani, "Na mafuta utaomba kanisani?" Muthui akasema goti lake limeshalipa.

Bi. Mwende alifunga mashine kwenye mfuko wake. Alisema atarudi kulipima duka lenyewe, na siku hatatuambia, kwa sababu ameona tunavyojiandaa kwa wageni.

Hiyo ni Jumanne. Jana Jumatano spika zilikuwa zimerudi mlangoni na zilipigwa kutwa nzima. Sitaficha kwamba nilivunjika moyo. Nilimfungia mama dirisha. Aliniambia nilifungue, kuna joto.

Leo saa nne Bwana Njoroge akaja. Alisema amepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza walimwambia asubiri, mara ya pili walimwuliza kama ni siasa. Mara ya tatu aliwaeleza kuhusu mwanamke anayevuka barabara kwa masikio, na yule aliyekuwa upande wa pili wa simu akasema zipelekwe ndani. Nilimwuliza kama naweza kuliandika. Alisema niandike, ila nisimfanye shujaa, kwani bado ana jenereta na hana namna ya kuifanyia.

Ni kweli. Jenereta ipo. Malori yapo, na vigari vinavyokwaruza vipo. Sioni sababu ya kusema kwamba tumepata kimya. Tutaendelea kuishi karibu na duka kubwa, na duka kubwa lina sauti. Lakini stima haipotei kila siku, na malori huja kabla mama hajatoka. Kilichokuwa kimechukuliwa kutoka kwake ni ule ukingo wa barabara, na huo umerudishwa.

Ninamshukuru Bwana Njoroge aliyepiga simu ya tatu. Ninamshukuru Bi. Mwende ambaye hakucheka. Ninamshukuru Mzee Kilonzo, na hili ninaliandika nikimaanisha: kama angeazima spika mahali pengine, duka lingekuwa linalia asubuhi ile, mama asingetoka nyumbani, na sisi tungepeleka kaunti nambari kwenye karatasi. Amekataa kutoka nje tangu Jumanne. Kesho nitampelekea chai.

Ninawashukuru wanawake wa kikundi ambao kwa wiki tatu hawakumruhusu mwingine aanzishe kitako. Walisubiri. Waliniambia hawakutaka akirudi akute nafasi yake ina mtu.

Mchana nilimpigia Musyoka. Alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, bila hata "mmh".

"Maneno ya baraza nayajua," alisema. "Mimi nataka kuona."

"Njoo uone."

"Nakuja Jumamosi kama nilivyosema. Nitasimama upande wa kanisa. Akivuka mwenyewe, narudi Ikutha mwenyewe. Asipovuka, nguo zake ziwe zimefungwa."

Niliona ni haki. Nilimpa mama simu. Walizungumza Kikamba, kwa ufupi. Aliposhusha simu alisema Musyoka amepata mafua, sauti imekwama puani. Kisha akaniambia nifunge nguo zake kweli, mtu asiseme tulidanganya. Nimezifunga. Ni furushi dogo, liko kwenye kiti karibu na mlango. Nimelipita mara nyingi leo na kila mara nimetaka kulifungua.

Nilimwambia Jumamosi nitatembea nyuma yake, mbali kidogo, nisimsumbue.

"Usinifuate," alisema. "Nikisikia viatu vyako nitakusikiliza wewe. Nitaacha kusikiliza barabara."

Naogopa. Hilo nalo ni kweli, na halipunguzi shukrani yoyote niliyoandika hapo juu. Spika zinaweza kushushwa, vijana wanaweza kuwasha injini, na bado barabara ni barabara. Naye anaijua kuliko mimi.

Kesho kabla ya saa mbili nitasimama mbele ya duka na daftari kuthibitisha kwamba spika zimeshuka. Jumamosi kikundi kinakutana saa tatu asubuhi. Mama atatoka hapa saa tatu kasorobo. Musyoka atakuwa ng'ambo. Mimi nitabaki langoni, na sitaita jina lake.